Mama, binti na nyani wa Adili: uchambuzi wa kisa kimoja cha kusoma pamoja

Katika klabu ya usomaji ninayoiratibu hapa Dar es Salaam, mzazi na mtoto husoma kitabu kimoja, kisha hukutana na wenzao Jumamosi ya mwisho wa mwezi kukizungumzia. Masharti yetu ni machache. Mtoto awe wa darasa la tano mpaka kidato cha kwanza. Mzazi asome kweli, asije kusindikiza tu. Na kila jozi ije na swali moja ambalo wao wenyewe hawana jibu lake. Kisa ninachokichambua hapa ni cha mama mmoja na binti yake wa miaka 12, ambao nusura waache klabu kabla hawajamaliza kitabu chao cha kwanza. Wote wawili wameridhia niandike, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike.

Nimeamua kukiandika kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wanaotujia wana tatizo kama la mama huyu, na wengi hawalisemi. Kwa nje linaonekana kuwa ni ukali: mzazi anamkagua mtoto, mtoto anakichukia kitabu. Ukikaa nao karibu unakuta mzazi anaogopa. Anakagua ili asikaguliwe.

Wenyewe ni akina nani

Mama ana duka la vitenge Kariakoo. Kazaliwa Pangani, kasoma mpaka darasa la saba katika miaka ya 1990, kisha akaja mjini kwa shangazi yake na kuanza kutembeza khanga nyumba kwa nyumba. Biashara anaijua vilivyo. Kusoma anajua pia, ila husoma polepole, midomo ikicheza, na kwa miaka mingi alichokisoma ni daftari la madeni, risiti na ujumbe wa simu. Baba ni dereva wa malori yanayokwenda Tunduma, kwa hiyo jioni nyingi nyumbani huwa ni mama, binti na mdogo wake wa kiume.

Binti yuko darasa la saba katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kusoma anasoma haraka mno. Kiswahili chake ni cha mtaani na cha televisheni, chepesi na kichangamfu, lakini akikutana na sentensi ndefu ya kitabuni hupita juu juu, akafika mwisho wa ukurasa bila kushika kitu. Mwalimu wake wa Kiswahili alimwambia mama kwamba insha za mtoto zinaandikwa kwa maneno ya Kiswahili huku mawazo yamepangwa kwa Kiingereza. Mama akaumia. Mtu wa Pangani kuambiwa mwanawe hajui Kiswahili! Ndipo akasikia habari za klabu, akaja kujiandikisha. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuja kutafuta alama.

Kitabu chenyewe

Tulikuwa tumepanga kusoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, na tulikipa miezi miwili kwa sababu Kiswahili chake kinataka subira. Wapo walioniuliza kwa nini nawapa watoto kitabu cha zamani namna hiyo. Jibu ni kwamba anayetafuta vitabu vya Kiswahili vya mtoto wa miaka 12 hukuta pengo. Vya wadogo vipo. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza nchini mwaka 1991 vimetoka vingi, vyenye picha na maandishi makubwa. Vya kidato cha tatu na cha nne navyo vipo, kwa kuwa mtihani unavidai. Katikati hapo, mtoto aliyekwisha kuchoka na sungura na fisi lakini bado hajafikia riwaya za ndoa na siasa, huna mengi ya kumpa. Adili na Nduguze ni chembamba, kina majini, bahari, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na katikati yake kuna jambo zito ambalo mtoto analielewa mara moja.

Asiyekisoma nitamdokezea. Adili ni liwali, yaani mtawala aliyewekwa na mfalme, wa Janibu, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu. Saidi, mtumishi wa Mfalme Rai, akiwa mgeni wake, anamwona usiku akiwaendea nyani wawili waliofungwa, akiwacharaza viboko, kisha akiwabembeleza na kuwalisha huku naye analia. Habari zinamfikia mfalme, na Adili anaitwa aeleze. Kumbe nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu. Jini Huria ndiye aliyemwokoa, akawageuza ndugu zake kuwa nyani, akamwamuru awapige kila usiku.

Mwezi wa daftari

Walikuja mkutano wa kwanza na daftari lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki. Niliomba kuliona, nikalipekua. Kila ukurasa ulipigiwa mistari kwa rula na kugawanywa sehemu tatu: wahusika, muhtasari, funzo. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Katika sehemu ya funzo, ukurasa baada ya ukurasa, sentensi ilikuwa ile ile: “Tunajifunza kuwa wivu ni mbaya.” Chini yake alama ya vema kwa kalamu nyekundu, ya mama.

Zamu yao ya kuuliza ilipofika binti akasoma kutoka daftarini: “Je, kwa nini wivu ni mbaya?” Watoto wenzake wakatazamana. Nikamuuliza mwenyewe anawaonaje wale nyani. Akamgeukia mama. Mama akajibu kwamba mtoto anaona wale nyani wamepata malipo yao, na kwamba mwandishi anatuasa tupendane.

Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Hivyo ndivyo sote tulivyofundishwa. Darasani hadithi huja na maswali ya ufahamu chini yake, na sekondari riwaya husomwa ili ikatwekatwe: dhamira, migogoro, wahusika, matumizi ya lugha, ujumbe. Mtihani wa kidato cha nne unamtaka mwanafunzi atoe hoja kutoka vitabu viwili alivyosoma, na anayejua kuzipanga hoja hizo anafaulu. Ni ujuzi halali na una mahali pake. Shida inaanza pale ambapo mtoto hajawahi kuisikia hadithi hata mara moja kabla ya kuanza kuipasua, na nyumbani, ambako angeisikia, anakuta mtihani mwingine unamsubiri.

Utaratibu wa nyumbani ulikuwa hivi, kama nilivyokuja kusimuliwa baadaye. Kitabu kilikaa kabatini, kimefungiwa pamoja na nyaraka za duka. Binti akishamaliza kazi za shule hupewa, huenda kukisoma peke yake chumbani, huandika ukurasa wa daftari, humpelekea mama asahihishe. Muda wote huo mama yuko sebuleni anapiga hesabu za siku.

Siku chache baada ya mkutano ule mambo yaliharibika. Mama, katika kusahihisha, alikuta sentensi inayosema mtunzi “amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha hali halisi ya jamii.” Hata kwa kusoma kwake kwa taratibu alijua kwamba hayo si maneno ya mwanawe. Akamwambia amwoneshe ukurasa aliosoma. Binti hakuweza. Alikuwa amenakili muhtasari kutoka kwenye simu, na kitabu alikuwa hajakifungua tangu wiki ya kwanza. Mama akamchapa fimbo mbili mkononi kwa kosa la kudanganya, akamnyang'anya simu. Asubuhi yake akanipigia. “Dada, hiki kitabu kinatugombanisha. Afadhali nimlipie tuisheni.”

Mazungumzo dukani

Nilimwomba nimfuate dukani kabla hajakata shauri. Tulikaa nyuma ya majora ya vitenge, akinyanyuka kila mara kumhudumia mteja. Habari ya fimbo aliniambia mwenyewe, bila kuificha na bila kuona kwamba ni jambo la kuzungumzwa. Aliyekuwa anamsumbua ni mtoto mwongo.

Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza kila mzazi: “Na wewe umefikia wapi kwenye kitabu?”

Alikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. Baada ya muda akasema hajavuka kurasa za mwanzo. Alichokijua cha hadithi ile kilitoka katika muhtasari wa binti yake. “Nikisoma mbele yake ataniona mjinga,” akasema. “Yeye kamaliza ukurasa, mimi niko mstari wa tatu. Namlipia shule ya mamilioni halafu anione sijui kusoma?”

Kwa mtazamo wangu kisa chote kinageukia hapo. Kalamu nyekundu ilikuwa kinga. Maadamu yeye ndiye anayesahihisha, hakuna atakayemwambia asome. Na binti, ambaye si mjinga, alikwisha kuhisi kwamba mama hakisomi kitabu. Ndiyo maana alithubutu kunakili. Kwa hiyo walikuwa wawili wasiosoma kitabu kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Nilimpendekezea mambo mawili tu. Kwanza, daftari liwekwe kando mpaka kitabu kiishe. Pili, binti asome kwa sauti na mama asikilize huku anaendelea na kazi zake, na mama ndiye awe na ruhusa ya kumsimamisha msomaji pale ambapo yeye, mama, hajaelewa au anataka kurudiwa. Akaniuliza, “Sasa nitamuuliza nini?” Nikamwambia amuulize asichokijua.

Hakufurahi. Alikubali kwa sharti kwamba wakishindwa tena, tuisheni.

Sikio la mama

Jioni ya kwanza, kwa maelezo ya binti, ilikuwa mbaya. Alisoma mbio kama mtangazaji wa taarifa ya habari, ili amalize aende zake. Mama akawa anasema “Rudia.” Akirudia, “Rudia tena, sijasikia.” Mtoto akaona anaonewa. Lakini kadiri alivyorudia, ndivyo alivyoanza kulazimika kusimama penye nukta, kupandisha sauti penye swali, kutafuta sentensi inaishia wapi. Kiswahili cha Shaaban Robert hakikubali kusomwa kwa pumzi moja. Kina mizani yake, na masikio ya mama yalikuwa yanaijua mizani hiyo kuliko macho ya binti. Mama amekulia kwenye maulidi na kwenye nyumba ambazo wazee waliimba tenzi kwa moyo. Sentensi ikisomwa vibaya alikuwa anasikia kwamba ina kasoro hata kabla ya kujua inasema nini.

Na maneno alikuwa nayo. Binti hakujua liwali ni nani. Mama alijua, kwa sababu Pangani wazee bado husimulia habari za maliwali na boma. Nilipomweleza baadaye kwamba Shaaban Robert, mwenyeji wa Tanga aliyezaliwa 1909, aliwahi kufanya kazi ya ukarani wa forodha huko huko Pangani, alinitazama kana kwamba nimemtajia ndugu yake aliyepotea. Jioni hiyo hiyo alimwambia binti, tena zaidi ya mara moja.

Lililowabadilisha hasa, hata hivyo, ni jambo ambalo mimi sikulitegemea. Walipofika mahali Saidi anapomwona Adili akiwapiga nyani na kulia, mama akaacha hesabu zake. “Hii naijua,” akasema. “Ila si nyani. Ni mbwa.” Na aliyewapiga hakuwa mwanamume, alikuwa bibi mmoja tajiri, na mbwa wale walikuwa dada zake. Bibi yake mzaa mama alikuwa akiwasimulia, wajukuu wote mkekani.

Alikuwa sahihi. Katika Alfu Lela U Lela, mkusanyiko wa hadithi za kale za Kiarabu, mna visa viwili vya namna hii: kimoja cha Abdallah ambaye ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa anawachapa kila usiku, na kingine cha bibi wa Baghdad anayewachapa mbwa wawili, kisha anawakumbatia na kulia, kumbe ni dada zake. Shaaban Robert alichota kutoka kisima hicho, akabadili mbwa kuwa nyani, akawapa watu majina yanayotaja tabia zao. Hadithi hizo zilikwisha kuzunguka pwani yetu kwa midomo na kwa vitabu muda mrefu kabla ya 1952. Bibi wa Pangani hakuhitaji kujua kusoma ili azipate.

Binti akafunga kitabu na kidole ndani yake, akamtaka mama asimulie chake chote. Mama akasimulia. Usiku ule hawakuendelea na Adili. Siku ya pili yake binti ndiye aliyekwenda kukitoa kitabu kabatini.

Swali la machozi

Sehemu hii naieleza kwa uangalifu, kwa sababu nimeisikia kwa wawili na hawakubaliani.

Walipokuwa wameshajua wale nyani ni nani, binti alisoma tena mahali pale pa viboko, akauliza, “Mama, kwa nini analia wakati yeye ndiye anayepiga?” Mama akasema kwa sababu ni ndugu zake na hana la kufanya. Binti akanyamaza, kisha: “Na wewe uliponichapa, ulilia?”

Mama anasema alimjibu, “Sikulia. Nilikwenda jikoni nikakaa.” Anasema kisha alimsimulia jinsi alivyokuwa akichapwa shuleni, Pangani, kwa kuchelewa, na alichelewa kwa sababu alikuwa anakwenda kuchota maji kwanza. Anasema walizungumza mpaka mdogo mtu akasinzia kwenye kochi.

Binti anakumbuka vingine. Kwa kumbukumbu yake mama alisema tu, “Endelea kusoma,” na yeye akaendelea, na habari za shule na maji alizisikia siku nyingine kabisa, wakiwa kwenye daladala. Sioni sababu ya kuchagua nani mkweli. Wote wawili wanakubaliana kwamba swali liliulizwa, na kwamba aliyeuliza hakuadhibiwa kwa kuuliza.

Mkutano wa pili

Walikuja bila daftari. Swali lao, alilolisoma mama kutoka kwenye simu yake kwa sauti ndogo, neno moja moja, lilikuwa: “Adili angeweza kukataa?”

Nimeongoza mikutano mingi, na wachache walisimama juu ya swali moja kwa muda mrefu kama siku ile. Binti alishikilia kwamba angeweza. Huria hayupo pale kila usiku, alisema. Adili angepiga mto na kuwaambia nyani wapige kelele. Watoto wakacheka na kumuunga mkono. Mama akasema jini anajua, na kwamba mtu aliyekutoa baharini huwezi kumfanyia ujanja. “Hata kama anakuamuru kitu kibaya?” binti akauliza. “Hata kama,” mama akasema, kisha akafikiri. “Lakini si kila siku.” Binti akasema hiyo si hoja. Mama akasema ndiyo hoja yake.

Baba mmoja, ambaye ni mwalimu, akaingiza habari za shule. Alikumbusha kwamba kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa, na akasema tofauti ya Adili na mwalimu ni kwamba Adili hakuna aliyekuwa akimwandikia. Mama mwingine akamjibu kwamba hakuna mtoto anayelia kidogo kwa sababu fimbo yake imeandikwa. Mazungumzo yalikuwa makali, nami niliyaacha. Kilichonigusa ni kwamba mama na binti walibaki pande mbili tofauti mpaka mwisho, mbele ya watu, na mama hakuwahi kusema “mtoto anaona kwamba.”

Kilichofanya kazi

Watu wakisikia kisa hiki husema: basi dawa ni kusoma kwa sauti. Kusoma kwa sauti kulisaidia, sikatai. Lakini nimeona nyumba ambazo mtoto anasoma kwa sauti na mzazi anasikiliza kama askari wa zamu, akisubiri kosa la matamshi, na hakuna kinachopatikana. Kilichobadilika kwa hawa wawili ni nani anaruhusiwa kutokujua. Kabla, asiyejua alikuwa mtoto peke yake, na kutokujua kwake kuliwekewa alama. Baada ya hapo mama naye alikuwa anasema “sijaelewa, rudia,” na akimaanisha. Mtoto anayeombwa kurudia na mtu ambaye kweli hajaelewa anasoma tofauti kabisa na mtoto anayepimwa.

La pili ni kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya kinachohitajika. Binti ana macho ya haraka. Mama ana masikio, ana msamiati, ana bibi yake. Kitabu kile binti asingekiweza peke yake. Alikwisha kujaribu, akaishia kwenye simu. Mama naye asingekiweza peke yake, au ingemchukua mwaka. Mama aliogopa kwamba kusoma pamoja kutamshushia heshima. Iliyompandisha mbele ya mwanawe ni hadithi ya mbwa, ambayo shule ya mamilioni haikuwa nayo, na asingepata nafasi ya kuisimulia kama angebaki sebuleni na kalamu nyekundu.

La tatu ni dogo lakini nalitilia mkazo: nakala ilikuwa moja. Tulikuwa tunajilaumu kwamba hatuna nakala za kutosha kila mtu apate yake. Katika mwezi wa daftari nakala hiyo moja ilikuwa balaa, kwa sababu ilifungiwa. Baadaye ndiyo iliyowaweka kwenye kochi moja. Wangekuwa na nakala mbili, naamini binti angekimbilia mwisho na mama angeacha.

Kuhusu fimbo, nawaomba waratibu wenzangu tahadhari. Baada ya mkutano ule mzazi mmoja alinishauri tuwe tunachagua vitabu kulingana na matatizo ya nyumba: penye kuchapa, kitabu cha kuchapa, penye ulevi, kitabu cha ulevi. Nilikataa na ninaendelea kukataa. Kitabu kile kilichaguliwa kabla mimi sijajua lolote juu ya nyumba hii, na mtoto aliuliza lake kwa sababu hakuna aliyemwekea swali hilo mdomoni. Mtoto akishajua kwamba kitabu kimeletwa kwa ajili ya kumtibu yeye au mama yake, anafunga mlango, na ana haki.

Yaliyobaki

Nisiache mtu adhani nyumba ile sasa ni tulivu. Mama hajaahidi kuacha fimbo. Nilimuuliza, akanijibu wazi kwamba mtoto akidanganya tena hajui atafanya nini, ila ameona afadhali amuulize kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009, inayolinda haki za mtoto, anaijua kwa kusikia redioni. Kilichomfanya afikiri ni swali la binti. Binti bado hunakili muhtasari wa mtandaoni kwa kazi za shule, anasema walimu wanataka lugha ile. Msimu wa sikukuu, duka likijaa watu, kitabu hukaa wiki nzima bila kuguswa, na baba akirudi safari ratiba yote huvurugika, ingawa safari iliyopita alikaa nao akasikiliza mpaka mwisho na kutaka kujua kama Hasidi na Mwivu walistahili kuaminiwa tena.

Mama ameanza kusoma aya moja moja mwenyewe, kwa sauti, zamu yake ikifika. Aliweka sharti kwamba mtu asimsaidie neno mpaka aombe. Binti anaona tabu kunyamaza, na mama anamkanya kwa jicho.

Klabuni tumebadili jambo moja kwa sababu yao. Siku ya kujiandikisha sasa tunakaa na mzazi peke yake, bila mtoto, tunamuuliza mara ya mwisho alisoma nini na angependa kusoma au kusomewa. Tayari tumempata mama mmoja asiyejua kusoma kabisa, ambaye zamani asingethubutu kutujia. Mwanawe wa darasa la sita anamsomea jioni baada ya kufunga genge, na swali walilokuja nalo mara ya kwanza lilikuwa la mama.

Binti wa kisa hiki amechagua kazi yake mwenyewe ya likizo ya Desemba. Wanakwenda Pangani, na huko yupo ndugu wa bibi ambaye bado anaijua hadithi ya mbwa. Amenunua daftari jipya la kuiandikia. Anataka kujua kama katika ile ya Pangani mwanamke yule alikuja kusamehewa na dada zake, kwa sababu mama hakumbuki ilivyoisha.